Kurasa Zilizochanwa

UKOO WA BABU, KIBOSHO 🌿☕
Jumamosi

[10:14] Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Nimetoa godoro la Neema nje nianike, nakutana na hiki

[10:14] Mama Neema: 📷 Picha

[10:15] Mama Neema: Juu kaandika HISABATI KIDATO CHA TATU. Nikasema afadhali, mtoto anajisomea. Nafungua ndani, riwaya ya Rosa Mistika!!

[10:19] Bamkubwa: Marahaba. Haya ndiyo niliyoyasema Krismasi. Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni. Waliokizuia hawakuwa wajinga.

[10:21] Bamdogo Njiro: Shikamoo kaka. Marufuku ikaja kuondolewa, na mwandishi wake Kezilahabi leo anafundishwa vyuo vikuu

[10:22] Bamkubwa: Wewe kila kitu rufaa.

[10:24] Bamdogo Njiro: Sasa umenigusa kazi yangu 😄 Mwaka huohuo 1971 ndiyo ikapitishwa Sheria ya Ndoa. Binti wa miaka 15 anaruhusiwa kuolewa mzazi akiridhia. Yaani kumsoma Rosa hapana, kuwa mke wa mtu ndiyo. Mpaka 2019 Mahakama ya Rufani ndiyo ikasema vifungu vile virekebishwe

[10:24] Bamkubwa: Umeulizwa?

[10:26] Mama Neema: Mimi sheria sijui. Najua ana miaka 16, na ukurasa aliokunja nimeusoma nikaufunga. Nikaufungua tena

[10:27] Mamdogo Majengo: Ili uhakikishe 😂😂

[10:27] Mama Neema: Usinichekeshe nina hasira

[10:40] Baba Neema: Naendesha, niko Singida. Kuna nini tena?

[12:52] Neema: Shikamooni wote. Nimetoka twisheni nakuta niko kwenye kikundi. Mama si ungeniuliza tu

[12:53] Mama Neema: Ningekuuliza ungesema hisabati

[12:58] Neema: Sawa hapo nimekosa. Lakini tamthiliya ya Kilio Chetu mlininunulia wenyewe, kwa sababu shule imesema. Mle Mama Suzi hataki mwanawe aambiwe chochote, eti ataharibika. Basi Joti ndiye anakuwa mwalimu. Suzi anapata mimba, na Joti ana UKIMWI. Hicho tunakisoma darasani kwa sauti, wavulana wapo wanacheka. Hiki nimekisoma kimya kimya peke yangu, ndiyo nimeharibika?

[12:59] Mamdogo Majengo: Asee

[13:01] Bamkubwa: Kile kinafunza.

[13:03] Neema: Na hiki je? Baba yake Rosa mlevi, nyumba imemshinda, ila kwa binti ndiye askari. Halafu watu wanashangaa binti akifika shule ya mbali anafungua kila mlango

[13:07] Bamkubwa: Baba lazima awe mkali. Ile barua ya Charles, mzazi gani angenyamaza? Ingawa kipigo kile nakubali alizidisha.

[13:07] Bamdogo Njiro: Kaka

[13:07] Bamdogo Njiro: Barua ya nani?

[13:08] Bamkubwa: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[13:08] Bamdogo Njiro: Nimeshaupiga picha

[13:11] Bamkubwa: Nilikisoma ili niujue ubaya wake.

[13:11] Mamdogo Majengo: Mara ngapi 😂😂😂

[13:14] Neema: Bamkubwa basi nisaidie. Kinaishaje? Changu hakina kurasa za mwisho, zimechanwa

[13:14] Neema: 📷 Picha

[13:15] Brayan (kwa Bibi): Panya hao

[13:15] Neema: Panya hafuati mstari. Angalia, zimebaki kingo tu kwenye uzi, nyembamba sawasawa

[13:16] Mama Neema: Ulikitoa wapi?

[13:17] Neema: Kwa Bibi, Krismasi. Chumba cha nyuma, kwenye lile sanduku la bati la kijani lenye jina la Shangazi kwa rangi nyeupe

[13:20] Bamkubwa: Kumbe ni changu. Nilikinunua 1984 nikiwa kidato cha nne, nikakificha darini, kikapotea. Nilijua baba alikichoma.
Rosa anajiua. Ndiyo mwisho. Mmeridhika?

[13:26] Neema: Anajiua? Hivyo tu?

[13:27] Neema: Mimi nilijua ataondoka aanze upya mahali. Nilishamtafutia na kazi kichwani mwangu 🥲

[13:40] Neema: Shangazi, sanduku si lako? Ulikuwa kidato cha ngapi?

[13:48] Shangazi Pasua: Cha tatu kama wewe. 1986. Siku sanduku lilirudi na mimi nilirudi

[13:49] Mama Neema: Neema, shangazi yako aliacha shule ada ilikosekana. Kahawa ilishuka bei. Kila mtu anajua

[13:53] Neema: Lakini kahawa ilianguka 1989, ule mkataba wa dunia wa kugawiana mauzo ya kahawa ulipovunjika. Mwalimu wa jiografia alituchorea grafu wiki iliyopita. 1986 bei ilikuwa juu

[13:53] Bamkubwa: Neema.

[13:54] Mama Neema: Weka simu chini. Sasa hivi

[13:58] Bamdogo Njiro: Jamani tukumbushane mchango wa bati za jiko la Bibi, mpaka sasa wametoa watu wanne

[14:20] Mamdogo Majengo: Shangazi naona unaandika unafuta, unaandika unafuta. Uko salama?

[14:36] Shangazi Pasua: Mwacheni mtoto. Amehesabu vizuri kuliko sisi.
Nilirudi na mimba ya miezi minne. Kila muhula walikuwa wanatupanga mstari tunaminywa tumbo. Siku ile nilivaa sweta mbili, na jua lilikuwa kali. Matroni akaniambia nifungashe kabla wenzangu hawajatoka kula. Sanduku nikalibeba mwenyewe kichwani mpaka stendi. Baba, Mungu amrehemu, tulikula meza moja mwaka mzima hajaniita jina. Majirani wakaambiwa kahawa. Mimi nikatafutiwa cherehani.
Kitabu cha kaka nilikikuta darini mimba ina miezi saba. Nikakisoma siku mbili nyuma ya zizi, nimekalia majani ya migomba tuliyomkatia ng'ombe. Nilipofika mwisho nikazichana zile kurasa nikazitia motoni, mama alikuwa amebandika mtori. Sikutaka aishie pale. Mimi nilikuwa bado nipo

[14:41] Eliya Dar: Mama nakupigia

[14:41] Shangazi Pasua: Subiri nimalizie kupiga pasi magauni ya watu mwanangu. Niko sawa

[14:50] Bamkubwa: Mdogo wangu. Nilikuwa Tanga kazini. Barua ya baba ilisema kahawa.

[14:52] Shangazi Pasua: Najua. Niliipeleka mimi posta

[14:55] Mama Neema: Wifi, miaka 18 niko ukoo huu sikuambiwa. Na mimi nimeirudia kahawa mpaka kwa mtoto

[14:57] Shangazi Pasua: Ulipewa kahawa ukanionea huruma ya kahawa. Ilikuwa huruma nzuri tu wifi, sikuikataa

[15:02] Neema: Shangazi samahani. Nilikuwa nabishana tu, sikujua

[15:03] Shangazi Pasua: Usinipe pole. Ukikimaliza nirudishie, nitakivalisha gamba zuri kuliko la hisabati

[15:09] Bamdogo Njiro: Dada, tangu Novemba 2021 wanaojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani

[15:12] Shangazi Pasua: Nilisikia redioni nakata gauni la mtu wa kipaimara. Mkasi ukaenda upande. Nikamlipa kitambaa chake

[15:31] Baba Neema: Nimepaki. Nakuta ujumbe kama wote. Nani amejiua???

[15:31] Mamdogo Majengo: Mtu wa kitabuni shemeji, soma uje chini taratibu

[15:47] Baba Neema: Dada

[15:49] Baba Neema: Nilikuwa na miaka minane. Siku uliporudi ulinipa penseli zako zote, na ule mkebe wa kompasi. Nikazunguka nao Kibosho nzima nikiringa. Nilijua ni zawadi

[15:50] Shangazi Pasua: Ilikuwa zawadi

[16:05] Brayan (kwa Bibi): Nimemsomea Bibi yote, ameniambia nirudie pa kwenye mtori. Anasema siku ile mtori ulinuka moshi wa karatasi, na alijua si ya daftari maana daftari haliwaki vile. Hakuuliza

[16:06] Brayan (kwa Bibi): Anasema angeuliza

[16:08] Shangazi Pasua: Mwambie mama mtori ulikuwa mtamu

[16:11] Brayan (kwa Bibi): Anasema Neema kesho baada ya ibada apande nacho huku amsomee, herufi hazioni tena. Na asiruke mahali

[16:12] Mama Neema: Mama hata ule ukurasa uliokunjwa??

[16:13] Brayan (kwa Bibi): Anauliza umekunjwa kwa sababu gani

[16:13] Mamdogo Majengo: 😂😂😂😂

[16:15] Bamkubwa: Mimi mwisho wake naukumbuka. Naweza kuwaandikia hizo kurasa zilizopungua.

[16:15] Shangazi Pasua: Usiandike

[16:16] Bamkubwa: Sawa.

[16:20] Mama Neema: Neema toka chumbani tuingize godoro, wingu lile linashuka kutoka mlimani