Injili mbili katika Dominika moja ya Kwaresima, na swali kuhusu mwanamke Msamaria

Mwenyekiti wa Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wa wenye uelewa wa liturujia na Maandiko Matakatifu. Tarehe 23 Machi 2025, Dominika ya tatu ya Kwaresima, katika parokia yetu Misa ya kwanza ilisomwa Injili ya mwanamke Msamaria (Yohane 4:5-42), lakini Misa ya pili ikasomwa Injili ya mtini usiozaa (Luka 13:1-9). Sababu haikuelezwa katika matangazo. Tulipokutana nyumbani kwa mwanajumuiya kwa ajili ya tafakari, wengine walikuwa wamejiandaa kwa Injili moja na wengine kwa nyingine, na kila upande uliamini kwamba wenzao wamekosea kalenda.

Tulikubaliana kutafakari Injili ya Msamaria, na hapo ndipo lilipotokea jambo linalonisumbua zaidi kuliko suala la kalenda. Karibu muda wote ulitumika kuwazungumzia wale waume watano ambao Injili inasema mwanamke yule aliwahi kuwa nao. Yule mwanamke aliitwa malaya, akafanywa mfano wa wanawake wasiotulia katika ndoa, na ikasemwa kwamba alikwenda kisimani saa sita mchana kwa kuwa alikuwa anakwepa macho ya watu. Miongoni mwetu alikuwamo mama ambaye ndoa yake haijabarikiwa kanisani kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Hakusema neno siku ile, na tangu hapo hajarudi kwenye jumuiya.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini Dominika moja iwe na Injili mbili? Na je, ni kweli kwamba kiini cha Injili ile ni dhambi za mwanamke yule?

Mwalimu wa Wakatekumeni

Milele, amina. Ndugu Mwenyekiti, nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine la pili, ingawa utaona kwamba yanashikana.

Masomo ya Dominika hufuata mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka 2025 tulikuwa katika Mwaka C, na Injili ya Mwaka C kwa siku ile ni ya mtini. Hata hivyo, Kanisa linaagiza kwamba mahali ambapo kuna wakatekumeni, yaani watu wanaoandaliwa kwa ubatizo, watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka, ibada tatu za kuwachunguza na kuwatakasa zifanyike katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima, na katika Misa zenye ibada hizo yasomwe masomo ya Mwaka A, hata kama mwaka wenyewe ni B au C. Injili za Mwaka A kwa Dominika hizo ni Msamaria, mtu aliyezaliwa kipofu (Yohane 9:1-41) na kufufuliwa kwa Lazaro (Yohane 11:1-45). Bila shaka wakatekumeni wenu walikuwa katika Misa ya kwanza. Hakuna aliyekosea kalenda. Kilichokosekana ni maelezo.

Mpangilio huu una historia ndefu. Tangu zamani Kanisa la Roma lilizitumia Injili hizi tatu kuwaandaa watu kwa ubatizo. Baadaye, ubatizo wa watu wazima ulipopungua Ulaya, zilihamishwa kutoka Dominika hadi siku za kawaida: katika Misale iliyotumika kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Msamaria alisomwa Ijumaa ya wiki ya tatu, kipofu Jumatano ya wiki ya nne, na Lazaro Ijumaa ya wiki hiyo ya nne. Mtaguso, katika Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake (namba 64), na ukakumbusha kwamba Kwaresima ina sura mbili, yaani ubatizo na toba (namba 109). Kitabu cha masomo cha mwaka 1969 kikazirudisha Injili hizo kwenye Dominika za Mwaka A, na mwaka 1972 Roma ikatoa kitabu cha ibada ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, ambacho ndicho kinachopanga hizo ibada tatu.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza kwamba mtu aandaliwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, wakati ambapo wamisionari wengine waliridhika na muda mfupi zaidi. Mimi hufundisha wakatekumeni, na kila mwaka naona jinsi waamini waliobatizwa utotoni wanavyoichukulia Kwaresima kuwa ni mfungo, Njia ya Msalaba na kitubio peke yake. Hayo ni ya lazima, lakini katika Mkesha wa Pasaka tutashika mishumaa na kurudia ahadi za ubatizo sisi sote. Injili za Dominika hizi zinamwandaa yule atakayemwagiwa maji kwa mara ya kwanza, na zinamrudisha kwenye maji yale yule aliyemwagiwa akiwa mtoto mchanga na ambaye hajawahi kuulizwa kama bado ana kiu.

Ndiyo maana nasema maswali yako yanashikana. Injili hii imewekwa pale ili kumwonyesha mkatekumeni jinsi mtu anavyofikia imani. Tazama namna mwanamke yule anavyomtambua Yesu hatua kwa hatua: kwanza ni Myahudi tu (aya ya 9), kisha anamwita Bwana na kuuliza kama yeye ni mkubwa kuliko Yakobo (aya ya 11 na 12), kisha nabii (aya ya 19), kisha anauliza kama huyu ndiye Kristo (aya ya 29), na mwishoni watu wa mji wake wanamkiri kuwa Mwokozi wa ulimwengu (aya ya 42).

Mama Mlezi

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, nami naomba nijibu la pili, kwa sababu limenigusa sana. Huyo mama asiyerudi jumuiyani atafutwe, na watakaomtafuta waende kumsalimu, wasiende kumhoji.

Sasa kuhusu Injili yenyewe, nawasihi tusome kilichoandikwa. Yohane hasemi popote kwamba mwanamke yule alikuwa malaya. Anasema alikuwa na waume watano, na kwamba aliye naye sasa si mume wake. Hatuelezwi walikwendaje wale watano. Chini ya Sheria ya Musa aliyeandika hati ya talaka alikuwa mume (Kumbukumbu la Torati 24:1), na mjane asiye na mtoto alitarajiwa kurithiwa na ndugu wa marehemu (Kumbukumbu la Torati 25:5). Masadukayo walipomletea Yesu habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba wakafa wote, hakuna aliyesema kwamba mwanamke huyo ni mzinzi. Mtu aliyeolewa mara tano katika mazingira hayo anaweza kuwa amefiwa, ameachwa, au yote mawili, na kwa vyovyote vile ni mtu aliyepitia mengi.

Zaidi ya hayo, Yesu hamwambii neno la kumhukumu, wala hamwambii asitende dhambi tena, maneno ambayo katika Injili hiyohiyo anamwambia mwanamke aliyefumaniwa (Yohane 8:11). Anamwambia ukweli wa maisha yake, naye mwanamke hakimbii. Anauliza swali zito la kidini lililowatenganisha Wayahudi na Wasamaria kwa vizazi vingi, kuhusu mahali panapompasa Mungu kuabudiwa, na Yesu anamjibu kwa heshima yote. Watu wa mji nao waliposikia ushuhuda wake walitoka kwenda kumwona Yesu, na aya ya 39 inasema wengi walimwamini kwa sababu ya neno lake. Kama angekuwa mtu aliyetengwa na kudharauliwa kama tunavyodhani, sioni ni kwa nini wangeacha shughuli zao kwa neno lake.

Na ile saa sita? Sura moja kabla, Nikodemo, mwalimu wa Israeli, anamjia Yesu usiku, na anaondoka bila kukiri imani yoyote. Huyu mwanamke asiyetajwa jina anakutana naye mchana kweupe, na anaondoka akiwa shahidi. Kwa maoni yangu Yohane alitaka tuwaweke hao wawili pamoja. Katika Kitabu cha Mwanzo pia, Yakobo alikutana na Raheli kisimani mchana, na mtumishi wa Abrahamu alimpata Rebeka kisimani, kama Musa, katika Kitabu cha Kutoka, alivyompata Sipora huko Midiani. Msikilizaji anayeyajua Maandiko akisikia mwanamume na mwanamke wamekutana kisimani anatarajia habari ya ndoa, na sura moja tu kabla, Yohane Mbatizaji amemwita Yesu bwana arusi (Yohane 3:29). Wako pia wafafanuzi wanaokumbuka kwamba katika 2 Wafalme 17:24 Samaria ilijazwa watu kutoka sehemu tano, nao wakaja na miungu yao, hivyo waume watano huenda ni picha ya taifa zima lililomwacha Mungu wake. Mtakatifu Augustino naye aliwafananisha na hisi tano za mwili zinazomtawala mtu kabla akili yake haijaangazwa. Sisemi kwamba tafsiri hizi ndizo pekee zilizo sahihi. Nasema Kanisa halikuisoma Injili hii kwa jicho la umbea.

Sala ya Utangulizi wa Ekaristi ya Dominika hii ya Msamaria inasema wazi kwamba Kristo, alipomwomba mwanamke maji ya kunywa, alikuwa tayari amemjalia karama ya imani, na kwamba aliionea kiu imani yake. Hapo ndipo penye kiini cha Injili hii: mwenye kiu wa kwanza ni Bwana, aliyechoka kwa safari na kuketi kisimani akimngoja.

Mzee wa Kigango

Nakubaliana na sehemu kubwa ya aliyosema Mama Mlezi, lakini naomba tusifike mahali pa kumwondolea mwanamke huyu kila doa hadi Injili ikose makali. Bwana mwenyewe ndiye aliyesema, “Nenda kamwite mumeo,” akijua jibu. Angeweza kupita kimya, hakupita. Kama ibada zile ni za kuwachunguza wateule, yaani wakatekumeni walio karibu kubatizwa, basi kuna jambo linalochunguzwa, na mkatekumeni anayeishi katika hali isiyo sawa anapaswa kuisikia sauti hiyo kabla ya kufika kwenye kisima cha ubatizo.

Ninachopinga ni kuichukua sauti hiyo na kuielekeza kwa jirani. Aliyeuliza ni Kristo, na walikuwa wawili tu. Wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula, na waliporudi hakuna aliyethubutu kuuliza. Katika jumuiya, kila mmoja angejiuliza ni kitu gani anachokiita chake na ambacho si chake: cheo, fedha alizozipata kwa njia isiyo halali, chuki aliyoishi nayo miaka mingi na ndugu yake. Tukiwa na ujasiri huo, hatutapata muda wa kumjadili mama wa watu.

Mwenyekiti wa Jumuiya

Nawashukuru sana. Tutakwenda kumsalimu huyo mama, nami nitawaomba wanawake wawili anaowaamini waongozane nami. Bado nina swali la utekelezaji. Dominika ijayo wenye Misa ya kwanza watasikia habari ya kipofu, na sisi wa Misa ya pili tutasikia ya mwana mpotevu (Luka 15). Tuwaongozeje watu wenye Injili mbili bila kurudia mabishano?

Mwalimu wa Wakatekumeni

Mwenyekiti, ushauri wangu ni kwamba chagueni Injili moja mapema na kuitangaza, kisha mtumie ile njia ya hatua saba za kushirikishana Injili iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya nyingi za kwetu zinaifahamu. Faida yake ni kwamba kila mtu hutaja neno lililomgusa, hufuata kimya, kisha watu hushirikishana bila kuhubiriana wala kujadili maneno ya mwenzao. Palipo na kimya cha kutosha, mabishano hukosa nafasi.

Kwa wiki ya kipofu, nawashauri mwanze na aya ya pili, ambapo wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Yesu anajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Wale waliosoma Luka 13 wataona kwamba ni fundisho lilelile: wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Mnara ulikuwa Siloamu, na birika alimotumwa kipofu kunawa ni ya Siloamu. Mtu akitoka na Injili ya Mwaka C na mwingine na ya Mwaka A, wote wawili wamekatazwa kutafuta dhambi ya mtu katika msiba wake. Katika vijiji vyetu, ambako mtoto akizaliwa na ulemavu watu huanza kunong'ona kuhusu laana na uchawi, Injili hizi zina kazi kubwa sana ya kufanya.

Jambo jingine la kuzungumza na paroko: Injili hizi tatu zina namna ndefu na namna fupi ya kusomwa. Ile fupi ya Msamaria inaruka maongezi yote kuhusu waume, jambo linaloonyesha kwamba hayachukuliwi kuwa nguzo pekee ya simulizi, lakini inaruka pia mtungi alioacha na ushuhuda aliowapelekea watu wa mji. Mimi huomba isomwe ndefu, hata kama watu wamesimama muda mrefu. Na kwa kuwa jumuiya yenu hukutana siku za wiki, mfahamu kwamba kitabu cha masomo kina Misa za hiari kwa wiki ya tatu, ya nne na ya tano, zenye Injili hizi hizi, zinazoweza kutumika siku yoyote ya wiki hizo, hasa katika Mwaka B na C. Mkimwomba paroko mapema, waamini wa Misa ya pili wataweza kumsikia Lazaro akiitwa kabla ya Dominika ya Matawi.