Kumfungia ndani mlevi wa gongo wiki nzima ili aache: kuna hatari gani?

Nasra_Muheza

Wakuu, habari za jioni. Mjomba ana miaka 52, anakunywa gongo kila siku, na huanza alfajiri kuzimua ili mikono iache kutetemeka. Ukoo umeamua kwamba Jumamosi afungiwe chumbani siku saba, apewe uji, maji na supu tu, mpaka pombe imtoke. Wazee wanasema pombe si unga (heroini), haina arosto ya kutisha, yaani mateso ya kuacha ghafla. Usiku huwa anameza na valium (diazepamu) za dukani. Naomba kujua kinachoweza kuharibika, na siku ya ngapi, ili niwaeleze.

Muuguzi_wa_Zamu

Dada Nasra, hiyo Jumamosi izuieni. Wazee wamegeuza mambo. Arosto ya unga inatesa vibaya, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra yenyewe kumuua. Ya pombe inaua, na inaweza kufanya hivyo ndani ya siku nne. Mtu anayeamka akitetemeka na kutulia baada ya glasi ya kwanza tayari yuko kwenye kundi la hatari, hata kama mchana anatembea na kulima kama kawaida.

Pombe hupoza ubongo. Ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo nao hujirekebisha: hulegeza breki zake na kukanyaga mafuta zaidi ili mtu aweze kukaa macho. Siku pombe ikikatwa ghafla, mafuta yamekanyagwa na breki hazipo.

Hesabuni saa tangu glasi ya mwisho. Kuanzia saa ya 6 hivi huja kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Kati ya saa ya 6 na ya 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Kati ya saa ya 48 na ya 96 ndipo inapoweza kuja ile inayoitwa deliriamu tremensi: hajui yuko wapi, anaona wadudu au watu wasiokuwepo, joto linapanda, presha inapanda, jasho linamwagika. Zamani, kabla ya tiba za sasa, hali hii iliweza kuua hadi mtu 1 kati ya 3. Akitibiwa mapema, vifo havifiki 5 kati ya 100.

Familia nyingi hukosea siku ya tatu. Siku ya pili wameona mitetemo imepungua kidogo, wakashukuru Mungu. Kesho yake anaongea na ukuta, wanasema majini yamepanda, wanamfunga kamba na kuita mganga. Mtu aliyechanganyikiwa akifungwa hupigana na kamba. Joto lake linazidi, misuli inaharibika, moyo unachoka. Wakati huo saa za kumuokoa zinapita. Dua ziendelee, lakini akiwa kitandani hospitali.

Kama aliwahi kuanguka kifafa alipoacha pombe siku za nyuma, semeni mapema. Kila mara mtu anapoacha ghafla na kurudia, safari inayofuata huwa kali zaidi.

Kabati_la_Dawa

Naongeza mambo mawili ambayo huharibika hata mgonjwa akiwa ameshafika zahanati.

La kwanza ni dripu. Akifika amelegea, wengi hukimbilia kumtundikia dripu ya glukosi. Mnywaji wa miaka mingi huwa amekaukiwa vitamini B1, yaani thayamini, na mwili unaitumia thayamini kuchoma sukari. Ukimpa glukosi bila B1, akiba ndogo iliyobaki inaisha na ubongo unaumia: macho yanacheza au kushindwa kugeuka, anayumba bila kunywa, anachanganyikiwa. Huo ni ugonjwa wa Wernicke, na ukicheleweshwa unaweza kuacha upotevu wa kumbukumbu usiorudi. Kwa hiyo thayamini hutangulia glukosi au huenda nayo pamoja. Sukari ikiwa imeshuka sana glukosi haisubirishwi, ila thayamini ifuate papo hapo. Kwa kinga, 100 mg kwa siku ni kiwango cha kawaida. Dalili za Wernicke zikishaonekana, hutolewa 200 hadi 500 mg kwenye mshipa mara 3 kwa siku. Utumbo wa mlevi hunyonya B1 vibaya, ndiyo maana sindano hupendelewa, na vidonge vya B complex vya dukani havitoshi kwa mtu wa aina hii.

La pili ni sindano ya kumtuliza. Klopromazini inapatikana kirahisi na kweli inamnyamazisha, lakini inashusha kizuizi cha kifafa, na mgonjwa wa pombe tayari yuko ukingoni. Fenitoini, dawa ya kifafa cha kawaida, nayo haizuii kifafa hiki. Dawa inayofanya kazi ni ya kundi la diazepamu; mwenye ini bovu hupewa lorazepamu, kwa kuwa ini lake halihitaji kuhangaika nayo sana. Dozi hupangwa kwa kumpima tena na tena. Kuna kipimo cha CIWA-Ar chenye vipengele 10 na jumla ya alama 67, kinachomwongoza muuguzi lini aongeze na lini aache.

Msichukue hiyo kama ruhusa ya kumpa diazepamu nyumbani. Ikikutana na pombe iliyobaki mwilini, pumzi inaweza kusimama usingizini.

Na kuhusu valium zake za usiku: kama amezimeza kila siku kwa wiki kadhaa, nazo zina arosto yenye kifafa. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, hivyo tatizo linaweza kuanza baada ya siku kadhaa hadi wiki, wakati familia inaona yameisha. Hupunguzwa taratibu, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, chini ya daktari.

Kisauni_Nje

Salaam kutoka Mombasa. Niguse upande wa unga, maana hapo juu umetajwa kama usioua, na watu watashika neno hilo vibaya.

Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, kuhara na kutapika. Kilele ni siku ya 2 na ya 3, na kwa wiki moja hivi mwili hutulia. Anayetapika na kuhara bila kurudishiwa maji na chumvi anaweza kufa kwa kukaukiwa, kwa hiyo ORS isikosekane. Mja mzito asikatishwe ghafla hata kidogo, kwa ajili ya mimba. Yeye huwekwa kwenye methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini.

Kifo kikubwa kinasubiri nje ya mlango. Baada ya siku chache tu bila unga, mwili unasahau kuustahimili. Kijana anatoka kwenye soba hausi (nyumba ya kuwasaidia watu kuacha ulevi) au jela akiwa msafi, anakutana na wenzake, anatumia kipimo kilekile cha zamani, na pumzi inakata. Anayetoka aelezwe hivyo waziwazi, na jamaa zake wajue kwamba naloksoni ipo na hurudisha pumzi ikiwahiwa.

Methadoni hupunguza hatari hiyo. Kliniki ya Muhimbili ilianza Februari 2011, na huku Kenya huduma ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi 30 mg, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini. Anayeongezea unga, pombe au valium wiki hizo za mwanzo ndiye anayezimika. Anayeanza dawa za kifua kikuu azitaje kliniki: rifampisini huondoa methadoni haraka mwilini, arosto inarudi, na mgonjwa anadhaniwa muongo.

Tanzania pigeni 119 ya mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, Kenya 1192 ya NACADA.

Nasra_Muheza

Ahsanteni sana. Nimewasomea wazee, wamekubali hospitali, lakini usafiri ni Jumatatu. Hizi siku mbili tufanyeje?

Muuguzi_wa_Zamu

Asikatishwe pombe. Najua inauma kusikia hivyo, lakini kiwango chake kisishushwe ghafla mpaka afike. Msimwongezee, na asichanganye na valium zaidi ya anazozoea. Ale, anywe maji, asilale chumba cha peke yake.

Msisubiri Jumatatu mkiona kifafa, kuchanganyikiwa, kuona vitu, homa, kutapika damu, au kama alianguka na kugonga kichwa. Malaria kali, sukari kushuka na damu kuvuja kichwani hufanana sana na arosto. Akisema haoni vizuri, kama yuko kwenye ukungu, hiyo huenda ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu, kwenye gongo; nendeni saa hiyohiyo.

Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu, msimwekee kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe chochote. Tazameni saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, hata bodaboda ya usiku itafutwe. Mmoja akae nyuma amshikilie.

Mapokezi msiseme tu "ana homa". Semeni anakunywa gongo kila siku, glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, kiasi gani kwa siku, kama aliwahi kuanguka kifafa, na mwonyeshe pakiti ya hizo valium.