Nagios inanimiminia SMS usiku kucha, naombeni msaada

Fundi_Ndoro: Wakuu, habari za jioni. Niko Lindi mjini, natunza kompyuta za maghala ya mazao. Vituo ni vinne: Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa Masoko. Kila kituo kina rauta na vifaa saba nyuma yake, na Nagios, programu ya kuchunguza mitandao, iko kwenye seva ya hapa ofisini inavichungulia vyote. Mtandao wa Liwale ukikatika tu, zinaingia SMS nane kwa mkupuo. Nusu saa baadaye, nane tena. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Nimefikiria kupandisha max_check_attempts, yaani mara inazojaribu kifaa kabla ya kutuma SMS, kutoka 3 hadi 20. Naombeni jibu leo, kesho saa mbili asubuhi nina kikao.

Mzee wa Mingoyo: Tatizo lako ni umeme, mwanangu. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapisha barua, kila umeme ukiyumba rauta inazima na wateja wanaondoka. Nikafunga sola na betri mbili za gari. Mpaka leo sijajuta. Funga sola.

BintiMikumbi: Au hamia Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kaka. Hayo mafaili ya kuandika kwa mkono yatakuzeesha.

Seva_Baridi: Usiguse hiyo 20. Ikiwa inarudia kujaribu kila dakika moja, seva ikifa utajua baada ya kama dakika 20. Unachokosa ni parents, yaani kuiambia Nagios kifaa kipi kiko nyuma ya kipi. Kwenye maelezo ya kila kifaa kati ya vile saba vya Liwale, ongeza mstari wa parents wenye jina la rauta ya Liwale. Rauta ikianguka, Nagios itaiandika DOWN, yaani imezima, na vilivyo nyuma yake itaviandika UNREACHABLE, yaani havifikiki. Kisha kwenye notification_options, orodha ya hali zinazotumiwa SMS, toa herufi u, ambayo ni ya UNREACHABLE. Utapata SMS ya rauta peke yake. Kabla hujaiwasha upya, kagua mafaili kwa nagios -v. Ila hicho kikao kinahusu nini?

Fundi_Ndoro: Asante sana mkuu. Kikao ni cha kawaida tu.

Seva_Baridi: Cha kawaida hakimfanyi mtu aandike saa tatu usiku kuwa anataka jibu leo leo.

Fundi_Ndoro: Sawa. Wiki mbili zilizopita nilichoka, nikaingia kwenye ukurasa wa Nagios nikazima arifa zote; SMS nilizolalamikia ni za kabla ya hapo. Zote. Jumamosi diski ya seva ya Nachingwea ikajaa, uzito wa mizigo iliyobaki ya siku hiyo haukuandikwa. Kesho bosi anauliza kwa nini hatukujua. Nimeshaandaa maelezo kwamba programu ilishindwa kugundua. Na kwa kweli sikupata SMS, kwa hiyo si uongo.

BintiMikumbi: Kaka, baba yangu anauza Nachingwea. Uzito ule ndio hela yake. Yeye akipunjwa kilo tano hapati usingizi, wewe unatafuta maneno?

Fundi_Ndoro: Dada, niko peke yangu kwa vituo vinne. Silali.

Kijana_Newala: Hii chai. Huu mwezi wa sita, minada ya korosho inaanza Oktoba. Mizigo gani inapimwa sasa hivi?

Mzee wa Mingoyo: Hata mimi nilishangaa. Siku hizi watu wanatunga.

Fundi_Ndoro: Someni vizuri. Korosho mmeileta ninyi. Lindi mwezi wa sita ni ufuta.

Kijana_Newala: Hapo umenishika. Samahani.

Seva_Baridi: Mimi sikuwa na shaka naye, na ushahidi upo. Aliyezima arifa hakuzima uchunguzi. Nagios iliendelea kupima. Fungua kumbukumbu zake za Jumamosi uone.

Fundi_Ndoro: Nimefungua. Diski ya Nachingwea, CRITICAL, yaani hali ya hatari, saa tano asubuhi. Mizigo ilipimwa hadi saa kumi na moja jioni.

Seva_Baridi: Basi iliona, na bosi akimleta fundi mwingine ataona ulichokiona. Peleka ukurasa huo kikaoni wewe mwenyewe. Na kuwasha arifa, rudi kwenye ukurasa uleule ulikozimia. Ukiandika enable_notifications=1 kwenye faili ukaiwasha upya, kwa kawaida inafuata hali iliyoihifadhi mara ya mwisho, utakaa ukidhani imewaka.

BintiMikumbi: Risiti za mzani je?

Fundi_Ndoro: Nakala za karatasi zipo kituoni. Nikitoka kikaoni nakwenda Nachingwea kuziingiza moja moja.

BintiMikumbi: Namwambia baba aje na yake mlinganishe.

Fundi_Ndoro: Saa sita kasoro. Nimeandika parents vituo vyote vinne, nimekagua, makosa sifuri, arifa nimewasha. Liwale imekatika sasa hivi. SMS imeingia moja.

Seva_Baridi: Ya rauta?

Fundi_Ndoro: Ya rauta.