Tupeane uzoefu: mliosoma Jiografia katika vyuo vya kati, imewafikisha wapi?

Mleta mada, Ujiji
Ndugu wanajamvi, salaam. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, na somo alipendalo kuliko yote ni Jiografia. Baba anasema ataishia kushika chaki. Sikubaliani naye, ila sina mfano wa kumwonyesha. Naomba mliopita njia hiyo, hasa huku Kigoma na Tabora, mtusimulie.

Mchangiaji, Tabora mjini
Mimi nilisoma urasimu ramani, yaani uchoraji wa ramani, katika Chuo cha Ardhi Tabora, na ndiyo kazi inayolisha nyumba yangu. Nikupe kisa kimoja. Nilipoanza kazi nililetewa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, ya vijiji vya karibu na Ujiji, nikayaingiza kwenye kompyuta kama nilivyozoea kufanya kwa vijiji vya Tabora, na vijiji vyote vikaangukia zaidi ya kilometa 600 mashariki, kule karibu na Kondoa. Nilikesha nikidhani waliopima walikosea, kumbe kosa lilikuwa langu: kwa kazi hii dunia imegawanywa katika kanda za nyuzi 6 kila moja, namba zilezile hujirudia katika kila kanda, na mstari wa longitudo ya 30 unaotenganisha kanda ya 35 na ya 36 unapita ndani ya Mkoa wa Kigoma. Ujiji iko kanda ya 35, Kasulu na Tabora ziko ya 36. Tangu siku hiyo sichori hata kiwanja kimoja kabla ya kuuliza kanda, maana kwenye hati ya mtu kosa la namna hiyo ni kesi ya miaka. Mdogo wako asiiache Hisabati. Ramani ni hesabu kabla ya kuwa picha.

Mchangiaji, Kigoma Vijijini
Mimi nina stashahada ya ualimu na nashika chaki kweli, wala Mzee asiidharau. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na 2021, wanafunzi wangu walikuja na maelezo mengi ya kutisha waliyoyasikia mtaani. Niliwachorea Malagarasi na mito mingine inayoingia, kisha Lukuga, mto mmoja tu unaotoka, upande wa Kongo, na wao wenyewe wakasema: mvua ikizidi, ziwa litajaa.

Mchangiaji, Sikonge
Kwangu ni mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano wa kijiji ushirikishwe, kwa hiyo kazi huanza chini kwa majivu na vijiti: wazee huchora mito, malisho na msitu wanakotundika mizinga, nasi tunafuata kupima walichochora. Ajira yenyewe ni ya mikataba, mradi ukiisha unasubiri mwingine, na hilo mdogo wako alijue mapema. Hata hivyo, nimeona wafugaji na warina asali waliokuwa hawasalimiani wakikubaliana njia ya ng'ombe juu ya mchoro huo.

Mleta mada, Ujiji
Nashukuru sana. Nimemsomea Baba yote haya jioni, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza shamba letu la michikichi la Kazuramimba liko upande upi wa ule mstari wa 30. Mdogo wangu amekwisha kushusha atlasi.