Magoti ya mama: Nile au Danube?

Msafiri wa South B
Habari wadau. Mamangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 68, na sisi watoto watatu tumechanga tumpeleke likizo ya meli ya mtoni. Tumebaki na mbili: Nile kule Misri, Luxor hadi Aswan, au Danube kule Ulaya, Budapest hadi Passau. Shida ni magoti. Ngazi za kanisa tu anazipanda kwa awamu. Ratiba zote nimesoma, zinasema "siku tulivu". Aliyeenda aniambie siku yenyewe inakuwaje.

Binti Kariokor
Nilienda Nile na mama mkwe, mwezi wa Novemba. Chukua siku ya Edfu na Kom Ombo, vituo viwili vya njiani vyenye mahekalu ya kale. Mlango unagongwa saa kumi na moja alfajiri. Meli hufungwa ubavu kwa ubavu, kwa hivyo kufika nchi kavu tulipita mapokezi ya meli nne za watu wengine. Nje kuna foleni ya magari ya farasi, na kidato cha kupandia kiko juu kweli. Mama mkwe alisukumwa nyuma na kuvutwa mbele kama gunia la viazi Wakulima. Hekalu la Edfu lenyewe, la mungu Horus, halina shida, sakafu ni tambarare na lango lake la mawe ni mita 36 kwenda juu. Lilikuwa limefukiwa na mchanga hadi lilipochimbuliwa kuanzia 1860, ndiyo maana bado lina paa. Lakini kila meli imeshusha watu wake saa ile ile, unatazama visogo tu.

Utamu unaanza mkirudi. Mchana kutwa ni kukaa sitahani kivulini, mitende ikipita, punda, watoto wanaoogelea, na nyuma ya shamba la mwisho jangwa limekatika kama kwa kisu. Jioni mnafika Kom Ombo, hekalu liko ukingoni, unaliona ungali kitini. Nusu ni ya Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, nusu ya Horus, na kando kuna makumbusho ya mamba waliokaushwa. Mama mkwe aliwaangalia kitambo akasema, "Hata hawa walizikwa na heshima."

Kwa hiyo Edfu mama alale, Kom Ombo ashuke.

Mzee wa Buruburu
Mimi na mke wangu tulichagua Danube na hatujuti. Kati ya Melk na Krems mto unapita bonde la Wachau, mizabibu imepandwa ngazi ngazi hadi juu mlimani, karibu kama majani-chai ya Limuru. Mji mdogo wa Dürnstein unauzunguka kabla chai haijapoa. Juu yake kuna magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwaka 1192. Sisi tuliyatazama kutoka chini, tukala jemu ya aprikoti. Hakuna anayekuvuta mkono ununue kitu.

Ila nikuambie ukweli, mwanangu: vijiji vile vimetandikwa mawe ya mviringo, na goti bovu linayahesabu moja moja. Halafu kuna viza ya Schengen ya kuingia Ulaya, alama za vidole na taarifa za benki. Na kiangazi kikali maji yakipungua, meli inasimama mnamaliziwa safari kwa basi.

Fundi Saa
Kwa nini msiende maporomoko ya Murchison hapo Uganda? Boti kutoka Paraa, viboko na mamba walio hai, mto mzima unajibana kwenye ufa wa mita saba hivi. Nile ni ile ile.

Binti Kariokor
@Fundi Saa boti ya saa chache si likizo ya kulala mtoni. Na barabara hadi huko je, magoti yatasemaje?

@Msafiri, usikubali ziara ya mahekalu ya Abu Simbel. Basi linatoka Aswan saa kumi usiku, zaidi ya saa tatu kwenda na vivyo hivyo kurudi. Uliza kama meli ina lifti. Na wakala wako aandike "kila kitu ndani" ni kitu gani. Wetu wa hapa mjini alisahau kusema vinywaji na bakshishi haviko.

Msafiri wa South B
Nimemsomea mama yote. Viza ya vidole ameikataa papo hapo, mamba waliokaushwa amewataka. Ana swali moja: huko melini chai ni ya maziwa?

Binti Kariokor
Ni ya rangi, na maziwa baridi kando. Mbebee majani yake, na awahi kufanya urafiki na mpishi.