Daraja la Jangwani: tuanze na daraja au tuanze na mchanga?

Mleta mada, Magomeni

Wadau, heshima kwenu. Kila masika hoja hii inarudi vibarazani na kwenye daladala: kujenga daraja jipya la Jangwani, juu ya Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, ni lazima, au ni kutupa fedha majini? Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, anasema mto uzibuliwe tu, daraja la zamani litatosha. Namheshimu lakini simkubalii.

Anayepita pale kiangazi hawezi kuelewa. Anaona bonde pana na mto mwembamba. Lakini tazama Barabara ya Morogoro inavyolivuka hilo bonde: daraja ni kipande kifupi, sehemu nyingine yote ni tuta la udongo lililobeba barabara. Maji yanatoka milima ya Pugu na Kisarawe, yanapita Vingunguti na Kigogo, yakifika Jangwani yanakuta ukuta wenye mlango mmoja, na mlango wenyewe umejaa mchanga. Yakikosa njia chini, yanapita juu.

Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa jijini kwa mafuriko, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2016 usafiri wa mabasi ya mwendokasi ukaanza, karakana yake ikiwa palepale bondeni. Masika ya 2018 mabasi yakazama.

Kwangu hili si la kusoma gazetini. Mdogo wangu alishikwa uchungu usiku wa mvua. Bajaji ilipofika Mapipa ikakuta barabara imefungwa. Tukageuza, tukaingia Kawawa, tukatafuta njia ya daraja la Salenda. Foleni haikusogea. Alijifungulia humo humo kwenye bajaji, mama mmoja muuza chapati akimshika mkono. Mtoto ni mzima, ashukuriwe Mungu, lakini ule usiku sitausahau.

Kwa hiyo daraja la mita 390 lililopangwa, mimi silioni kuwa anasa. Faida yake kubwa ni kwamba linaondoa tuta na kulifungua bonde lipumue. Kimo chake ni jambo la pili. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Tabata

Mkuu, hoja ya tuta naikubali asilimia mia. Ila mchanga umeugusa kwa mstari mmoja ukapita, na ndiyo kesi yenyewe.

Panda juu kule Pugu na Kinyerezi uone. Mtu ananunua kiwanja kwenye mteremko, anafyeka, anakata kilima, anajenga. Mtaa mzima hauna mtaro hata mmoja. Mvua ikinyesha siku mbili, barabara ya mtaa inageuka korongo, na udongo wote ule safari yake inaishia Jangwani. Ongeza na taka zetu, maana mvua ikianza kuna watu wanatoa viroba nje vichukuliwe na maji.

Sasa utainua daraja mita ngapi? Kitanda cha mto kitapanda nalo. Miaka 15 mbele wajukuu watabishana palepale. Fedha ianzie juu: mitaro, miti kingoni, mabwawa madogo ya kunasa mchanga. Daraja lifuate.

Mchangiaji, mchimba mchanga

Mimi nachimba mchanga mto huohuo, kwa koleo. Tunafukuzwa tukiitwa waharibifu. Naomba mnieleze, wakubwa: kama mchanga ndio adui, anayeutoa bure bila tenda anakuwaje adui pia? Tupeni sehemu, tupeni mipaka, tutozeni hata ushuru. Tutachimba mchana kweupe.

Mleta mada

Ndugu yangu wa koleo, hoja yako ina uzito na sijaiona ikijibiwa vizuri popote. Lakini nawe tuambiane ukweli. Mnachimba panapofikika gari, na panapofikika gari ni karibu na barabara na madaraja. Mchanga ukiondoka kwenye mguu wa nguzo, maji yanachokonoa chini mpaka msingi unabaki uchi. Kingo nazo zinabomoka na nyumba ya mtu inaondoka. Mkipewa sehemu mbali na nguzo, kwa vipimo, nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.

Kaka wa Tabata, kuanzia juu ni sawa, lakini kupanga upya vilima vyote hivyo ni kazi ya miaka mingi. Uchungu wa mzazi hausubiri.

Mchangiaji, zamani wa Suna

Nimesoma yote, nami niseme. Nyumba yetu Suna, kule bondeni, ilipigwa alama ya X ya kubomolewa. Marehemu baba aliijenga tofali kwa tofali kutokana na mshahara wa utarishi. Fidia tulibishana nayo sana, mwisho tukaondoka. Sipingi daraja. Ninachouliza ni kimoja: bonde likishafunguliwa, nani atalilinda? Nimepita juzi nikaona gereji pale tulipobomolewa. Leo gereji, kesho kontena, keshokutwa kifusi cha kuinua kiwanja. Wameahidi bustani kubwa ya jiji. Ikichelewa, mita 390 zitazibwa moja moja na sisi tutakuwa tumehama bure.

Mleta mada

Dada, pole kwa nyumba ya mzee. Swali lako limenibadilisha mawazo kidogo, nakiri. Niliandika kana kwamba daraja likisimama kazi imekwisha.

Mradi wa Bonde la Msimbazi una mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2022, na ndani yake kuna daraja, kuchimbua mto na hiyo bustani. Mkopo una mwisho, mchanga hauna. Barabara ni ya TANROADS, mto uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, taka ni za halmashauri, mazingira ni NEMC. Mkandarasi akishaondoka, kuzoa mchanga kabla ya masika ni zamu ya nani kati yao, na kwa fungu gani? Mwenye kufahamu bajeti za manispaa atufungulie hapo. Na ndugu wa koleo asiachwe nje ya hesabu hiyo.