Tortila za unga wa posho zinapasuka: nichanganye ngano?

Mpishi_Ntinda: Habari ndugu. Unga wa posho nimeukanda kwa maji moto, lakini tortila, yaani chapati nyembamba ya Meksiko, ikikunjwa tu inapasuka. Nikiongeza ngano, bado itakuwa ya Kimeksiko?

Mama_Jinja: Ngano haitatibu kosa hilo. Posho ni mahindi makavu yaliyosagwa tu. Kule Meksiko mahindi hupikwa kwanza na chokaa, ambayo hulainisha ganda na kufanya donge lishikane. Chukua mahindi meupe kilo 1, maji lita 3, chokaa ya chakula gramu 10. Yachemke polepole dakika 30, funika, yalale usiku kucha. Asubuhi osha, sugua maganda yatoke, saga yakiwa na unyevu. Usitumie sufuria ya alumini, chokaa huila. Ya ujenzi usiiguse kabisa, ina uchafu. Chokaa ikizidi, donge huwa la manjano na chungu.

Kaloli: Nakubali, ila ngano si bandia. Sonora, kaskazini, tortila za ngano ndizo za kwao: nyembamba, zenye mafuta. Uliza kwanza ni Meksiko ya wapi.

Mama_Jinja: Kweli ssebo. Na Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, nyama ya nguruwe hufungwa kwenye majani ya ndizi, kazi ambayo mpishi wa luwombo, chakula chetu cha Uganda kinachopikwa ndani ya majani hayo, anaijua: pitisha jani motoni lilegee, la sivyo linachanika na mchuzi unamwagika. Ukikosa machungwa machungu ya kulowekea nyama hiyo, changanya maji ya machungwa mawili na ya ndimu moja.